Maji Yanakwenda Wapi?

Katika kazi ya ufundi magari yapo matatizo ambayo mwenye gari huyaona kabla ya fundi: tairi limepasuka, breki zinalia, oili inadondoka sakafuni. Yapo pia matatizo yasiyoacha alama. Gari linapungukiwa maji kila siku, lakini ukichuchumaa na kuangalia chini yake huoni hata tone moja. Nimefanya kazi hii mkoani Iringa kwa zaidi ya miaka 20, na naweza kusema kwamba matatizo ya aina hii ya pili ndiyo huleta ugomvi mkubwa zaidi. Mahali palipo na upotevu usioonekana, watu hawavumilii kukaa bila jibu. Wakikosa tundu, hutafuta mtu.

Ndugu msomaji, nataka nikueleze habari za gari moja la usharika, na za mzee mmoja aliyekuwa akiliendesha. Nitaeleza pia ufundi wenyewe kidogo, kwa sababu bila kuuelewa huwezi kuona jinsi mtu asiye na hatia alivyokaribia kupoteza kazi yake na jina lake.

Gari lenyewe lilikuwa Hiace ya dizeli ya miaka ya 1990, zile ambazo injini iko chini ya viti vya mbele na ili kuifikia lazima uinue viti. Lilinunuliwa likiwa limeshatumika, likawa mkono wa kulia wa usharika. Lilibeba kwaya kwenda kwenye mialiko, kina mama kwenye semina zao, wafiwa kwenda mazikoni, na mara nyingi wagonjwa kwenda hospitali. Kisha likaanza kupungukiwa maji. Kwenye barabara tambarare upungufu ulikuwa mdogo, chini ya lita moja kwa wiki. Lakini likitoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni na kupanda mlima Kitonga likiwa limejaa abiria, mshale wa joto ulipanda pamoja nalo, na likifika Ilula lilidai lita tatu au nne.

Maneno yakaanza. Wengine walisema dereva haangalii maji asubuhi. Wengine walisema analikimbiza gari mlimani. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakasema kwamba fedha za matunzo ya gari anazila. Dereva alikuwa mzee mwenye zaidi ya miaka 60, mtu wa maneno machache, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa ni kukiri. Siku gari lilipochemsha njiani likiwa na mgonjwa, na ndugu zake wakakaa saa mbili kandokando ya barabara wakisubiri injini ipoe, uvumilivu ukaisha. Baraza la wazee likapanga kikao, na ajenda ya kwanza ilikuwa kumwachisha dereva kazi.

Mimi sikuwa mjumbe wa baraza hilo. Nilikuwa msharika wa kawaida mwenye gereji. Mchungaji alinipigia simu akaniomba jambo moja: niliangalie gari kabla ya kikao. Nilimwomba siku tatu.

Sasa nieleze namna injini inavyopozwa. Maji ya injini huzunguka katika mfumo uliofungwa. Injini ikiwa nzima, maji uliyoyaweka leo unapaswa kuyakuta mwezi ujao. Mfuniko wa rejeta si kifuniko tu kama cha sufuria. Una springi inayoshikilia shinikizo ndani, na maji yaliyo chini ya shinikizo huchelewa kuchemka. Hapa Iringa mjini tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya jikoni huchemka kwenye nyuzijoto kama 95 badala ya 100. Ndani ya rejeta yenye mfuniko mzima, maji hayohayo yanaweza kupita nyuzi 110 yakiwa bado hayajachemka. Ndiyo maana kumfungulia mtu rejeta ya moto ni kumtafutia majeraha: shinikizo likiondoka ghafla, maji yote huchemka kwa mara moja na kumrukia usoni.

Juu ya bloku ya injini hukaa silinda hedi, na kati yake kuna gasketi, bamba jembamba ambalo kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa ndani ya silinda, maji ya kupoza, na oili. Katika injini ya dizeli ya aina hii hewa hubanwa zaidi ya mara 20 kabla mafuta hayajawaka, kwa hiyo gasketi hiyo inazuia nguvu kubwa kuliko umbo lake. Ikiungua mahali padogo tu, gesi ya moto huingia kwenye maji na kuyasukuma nje kupitia mfuniko wakati gari linapanda mlima. Injini ikizimwa, maji nayo hupenya kuingia kwenye silinda, na asubuhi hutoka kwenye ekzosi kama moshi mweupe. Hapo ndipo maji hupotea bila tone kuanguka.

Lakini dalili hizohizo zinaweza kutokana na mambo mengine. Mfuniko uliochoka hupoteza maji. Hosi iliyopasuka kidogo huvuja tu ikiwa ya moto, na maji hukauka juu ya chuma kabla hayajafika chini. Pampu ya maji huvuja taratibu kupitia kitundu chake kidogo. Nyingi ya Hiace hizi zilitoka Japani zikiwa na hita ya abiria wa nyuma, na mabomba yake hupita chini ya sakafu ambako kutu huyala bila mtu kuona. Fundi anayesikia neno "linapoteza maji" na kukimbilia kufungua hedi hana tofauti na mzee wa baraza anayesikia neno hilohilo na kumkimbilia dereva. Wote wawili wameanza na hukumu.

Kwa hiyo nilianza na vitu rahisi. Gari likiwa limepoa, niliupima mfuniko, ulikuwa mzima. Nikafunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta, nikajaza shinikizo lisilozidi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, nikasubiri. Mshale ukaanza kushuka polepole. Nikalala chini ya gari na tochi. Hosi zilikuwa kavu. Pampu ya maji ilikuwa kavu. Mabomba ya hita, ambayo nilitegemea yangekuwa yameoza, yalikuwa makavu. Shinikizo lilikuwa linapotea, na halikuwa linapotea kwa nje.

Mjumbe mmoja wa baraza alikuwa amekuja kutazama. Nilipochomoa kijiti cha oili akainama kuangalia, akasema, "Oili safi kabisa. Mimi nimesikia gasketi ikiungua oili inakuwa kama maziwa. Basi gasketi ni nzima, tatizo ni mtu." Nilimjibu kwa heshima kwamba gasketi ina kingo nyingi. Ikiungua kati ya maji na oili, oili itageuka rangi. Ikiungua kati ya maji na silinda, oili inaweza kubaki safi miezi mingi. Shahidi aliyekaa kimya hajasema kwamba jambo halikutokea. Labda hakuwepo mahali lilipotokea.

Siku ya pili niliwasha injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi na rejeta ikiwa imejaa. Mapovu yakatokea. Mapovu ya mwanzo si ushahidi, kwani yanaweza kuwa hewa iliyobaki ndani tangu maji yalipojazwa, kwa hiyo niliacha injini izunguke. Mapovu hayakukoma. Nilipoongeza moto yaliongezeka. Nikalegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, ili silinda moja moja isipate mafuta. Ya kwanza, mapovu yaleyale. Ya pili, yaleyale. Nilipolegeza ya tatu, mapovu yakapungua sana. Nilipoikaza, yakarudi.

Jioni ile nilijaza tena shinikizo kwenye rejeta na kuliacha gari hivyo usiku kucha. Asubuhi ya siku ya tatu nilichomoa plagi zote za kupashia moto silinda, nikawaambia waliokuwepo wasogee, kijana wangu akazungusha stata. Kutoka kwenye tundu la tatu maji yaliruka kama mvuke wa dawa ya kunyunyizia mahindi. Matundu mengine matatu yalitoa hewa tu.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, ilikataza mtu kuhukumiwa kwa shahidi mmoja. Ilitaka wawili au watatu, na ikawaamuru waamuzi wachunguze kwa bidii. Tena iliagiza kwamba shahidi akionekana ni mwongo, apate adhabu ileile aliyoikusudia kwa mwenzake. Nikiwa kijana nilidhani hiyo ni habari ya mahakama tu. Gereji imenifundisha kwamba ni habari ya kila siku. Mimi sifungui hedi ya mteja kwa shahidi mmoja, kwa sababu kazi hiyo ni ya gharama na nikikosea nimemwibia. Je, kazi ya mtu na jina lake vina thamani ndogo kuliko hedi ya gari?

Tulipofungua hedi, gasketi ilikuwa nyeusi, imeliwa na moto kati ya silinda ya tatu na tundu la maji lililo jirani yake. Waliokuwepo walidhani uchunguzi umekwisha. Haukuwa umekwisha. Kujua mahali palipoungua si kujua kilichounguza. Gasketi huungua kwa sababu injini imepata joto kupita kiasi, na joto hilo lina chanzo chake. Ukibadilisha gasketi na kuacha chanzo, baada ya miezi michache utairudia kazi ileile kwa fedha za mteja yuleyule.

Nikaipeleka rejeta kwa mtaalamu wa rejeta tukaifumua. Karibu nusu ya mirija yake ilikuwa imezibwa na tope la kutu. Hapo mlima Kitonga ukaeleweka. Kwenye tambarare nusu ya rejeta iliweza kutosha. Mlimani, gari likiwa limejaa, gia ya chini, mwendo mdogo na upepo kidogo, haikutosha. Na kutu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye maji matupu. Watu wengi huku kwetu hudhani kulanti ni ya nchi zenye barafu. Kweli inazuia kuganda, lakini pia imewekwa dawa za kuzuia kutu, nayo huchelewesha maji kuchemka. Injini inayonyweshwa maji ya bomba na ya mtoni mwaka baada ya mwaka huoza kutoka ndani.

Nilikwenda nyumbani kwa dereva jioni hiyo. Nilimkuta amekaa nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Umekuja kuniambia niache funguo?"

Nilimweleza tulichokiona. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Ndani yake alikuwa ameandika kila siku aliyoongeza maji: tarehe, kilomita, lita ngapi, mahali gani. Ungeweza kuona ugonjwa ukikua ukurasa kwa ukurasa, kutoka nusu lita hadi lita nne. Na mahali patatu, katika muda wa miaka miwili, alikuwa ameandika kwamba ameomba kulanti na kusafishiwa rejeta, na mbele yake jibu lilelile: hakuna fedha.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona hukuwaonyesha daftari hili?"

Akanijibu, "Hawakuniuliza maji yanakwenda wapi, fundi. Waliniuliza kwa nini ninalala kazini."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Swali la kwanza linatafuta ukweli. La pili limekwisha kuupata, ama linadhani limeupata, na linasubiri tu mtu akubali. Sisi tuliofundishwa Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, iliyotoka mwaka 1529, tuliikariri amri ya nane tukiwa watoto wa kipaimara. Maelezo yake hayaishii kwenye kutosema uongo juu ya jirani. Yanatutaka tumtetee, tumseme vizuri, na tuyaelekeze mambo yake upande ulio mwema. Nadhani hatukuelewa ni kazi ngumu kiasi gani. Kumtetea mtu kunahitaji muda. Kunahitaji kulala chini ya gari na tochi. Kumshutumu kunahitaji ulimi peke yake.

Katika kikao niliitwa kutoa taarifa, nikaweka mezani gasketi iliyoungua, na dereva akaweka daftari lake kando yake. Palikuwa kimya kwa muda. Ajenda ya kumwachisha kazi iliondolewa bila mjadala. Kisha likaja jambo ambalo sikulitegemea. Mjumbe mmoja, kwa nia ya kuokoa fedha za usharika, alipendekeza tufunge injini na gasketi ya bei rahisi, tumimine ndani dawa ya kuziba inayouzwa madukani, na gari liuzwe upesi likiwa bado linatembea vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifikiria paa la kanisa la mtaa mmoja lililokuwa likingojea mabati.

Nilieleza kwamba dawa ile inaweza kushika kwa wiki kadhaa, na kwamba kitu kinachoziba tundu la gasketi kinaweza pia kuziba mirija ya rejeta iliyobaki. Halafu nikauliza mnunuzi atalipandisha gari hilo mlima gani, na akiwa na watoto wa nani. Mchungaji ndiye aliyemaliza hoja hiyo. Alitukumbusha nabii Yeremia, ambaye mara mbili katika kitabu chake, sura ya 6 na ya 8, anawalaumu viongozi waliotibu jeraha la watu kijuujuu na kutangaza kwamba mambo ni shwari wakati hayakuwa shwari. Akasema kanisa haliwezi kuuza ushwari wa wiki tatu.

Gari likatengenezwa. Hedi ilipimwa kama ina nyufa na uso wake ukasawazishwa, gasketi nzuri ikawekwa, bolti zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kama inavyotakiwa. Rejeta ilisafishwa. Kulanti ikaingizwa kwenye bajeti ya mwaka. Mabati ya mtaa yalichelewa, na watu wa mtaa ule walinyeshewa msimu mmoja zaidi. Naandika hilo kwa sababu ukweli una gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule aliyesababisha.

Wapo wanaodhani kwamba kupima ni kupungukiwa imani. Wakati gari lilipokuwa gereji, mtu mmoja aliniambia tungeliombea tu. Tuliliombea, mimi huomba kila asubuhi kabla sijagusa spana. Lakini ninaomba nini? Siombi mshale wa geji usimame mahali ninapopenda. Ninaomba nipewe macho ya kuuona mahali uliposimama, na moyo wa kukubali. Daudi katika Zaburi ya 139 anamwomba Mungu amchunguze na aujue moyo wake. Ni ombi la mtu aliye tayari kusikia matokeo. Imani inayoogopa kipimo ina kitu inachokificha, na mara nyingi inachokificha ni jeraha la mtu mwingine.

Limebaki jambo ambalo halikutengenezeka upesi. Mwenyekiti wa baraza alimwomba mzee radhi palepale kikaoni, na mzee akapokea. Lakini maneno juu yake hayakuwa yamebaki kikaoni. Yalikuwa yamefika sokoni, kwenye vijiwe, kwenye kwaya, hata kwa wakwe zake. Mzee aliomba kitu kimoja, naye hakuomba fedha: kwamba yasemwe mahali pale yaliposemwa. Mchungaji alitangaza Jumapili mbele ya usharika wote. Mjumbe yule aliyesema "tatizo ni mtu" alikwenda nyumbani kwa mzee kunywa chai, na siku nyingine akaongozana naye sokoni, watu wakiwaona. Hata hivyo, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, mzee alipokuwa amestaafu kwa hiari yake, nilimsikia mtu akimtaja kama "yule aliyeunguza gari la kanisa." Gasketi unaipata dukani kwa siku moja. Jina la mtu halina duka.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna gari. Lakini una nyumba, una kikundi cha kuweka na kukopa, una kwaya, una ndoa. Ipo siku utaona kitu kinapungua na huoni tone sakafuni: fedha, furaha, mahudhurio, upendo. Utasikia jina la mtu likitajwa haraka. Siku hiyo usikubali ajenda ianze na jina hilo. Uliza maji yanakwenda wapi, anza na vitu rahisi, ngoja shahidi wa pili na wa tatu, na ukishaona palipoungua endelea mpaka ujue kilichounguza. Na kabla ya yote hayo, mwendee yule anayeshika usukani kila siku, umsalimie, umwulize. Pengine ana daftari.